Bampa Jeupe na Mbuzi wa Vingunguti

Mtani wangu Kondo,

Amka, mvivu we. Wenzako wanakufa wakihangaika, wanakufa njiani, wanakufa wakibishana na daktari. Mzaramo wewe, hata kufa umekufa ukiwa umelala.

Hayo nilitakiwa niyaseme siku ya mazishi yako, mbele ya jeneza, nikiwa nimevaa kofia yako, nikitembea kwa madaha kama ulivyokuwa ukitembea, ili wazee wacheke kidogo na wafiwa wapate kupumua. Tangu babu zangu Wanyamwezi wapite kwenu na mizigo yao, hiyo ndiyo kazi ya mtani. Sikuifanya. Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia mpaka bibi mmoja wa upande wenu akauliza kwa sauti, "Huyu Mnyamwezi vipi? Mtani gani analia kuliko wafiwa?" Watu wakacheka. Lakini walinicheka mimi, na wewe ukaingia kaburini bila kutaniwa na mtu. Jambo hilo limenikaa rohoni tangu siku ile, na nakuandikia leo kwa sababu jana, kwenye arobaini yako, nimelilipa. Sijui kama nimelilipa vizuri. Wewe ndiye utakayehukumu.

Nianze na gari lako, maana najua hata huko uliko umeshaliulizia.

Unakumbuka lilivyopasuka bampa. Ulirudi nyumbani Yombo jioni ukitokea kazini Kurasini, bampa limechanika katikati kama mdomo wa sungura, ukashuka ukakohoa kikohozi chako kile cha kabla ya uongo, ukasema, "Wallahi, sikilizeni." Mbuzi. Mbuzi alikuwa ametoroka machinjio ya Vingunguti, kisu kimeshanolewa, akakata kamba, akavuka reli, akakimbia mpaka Buza, na pale kwenye kona akaliona gari lako la kijani akadhani ni majani. Tulicheka mpaka tukashika kuta. Ulilirudia lile simulizi kila baraza, na kila uliporudia mbuzi aliongezeka pembe. Na mkeo, Mama Zuhura, kutoka jikoni, bila hata kugeuka, alikuwa anakuuliza swali lilelile, "Na leo alikuwa rangi gani?" Ukijibu mweusi, kesho yake mweupe, keshokutwa ana madoadoa. Nami nilikuwa nakuuliza kwa nini mbuzi mwenye akili hivyo asipande basi akaenda kwao Dodoma.

Kisha ukaanza wimbo wa bampa jipya. Hukutaka kuliziba lile la zamani. Ulitaka la toleo lililofuata, lenye mdomo mpana na matundu mawili ya taa za ukungu, gari la zamani lionekane limezaliwa juzi. Nilikwambia hilo ni sawa na Mzaramo kuvaa suti, mtu haachi kumjua. Tukaenda Gerezani kwenye maduka ya vipuri, tukalipata jeupe, limetoka kwenye gari la mtu mwingine huko Japani. Tuliposhuka kituoni ukanitwika kichwani. "Twende, mpagazi. Hii kazi ya babu zako," ukasema mbele za watu. Nikalibeba kutoka kituoni hadi kwako, na wewe nyuma yangu mikono mitupu, unasimama kila nyumba kusalimia. Shikamoo hapa, habari za watoto pale, ukaomba maji kwa mama mmoja ambaye sidhani kama ulikuwa unamjua. Nilikutukana njia nzima kwa uvivu wako.

Mtani, nitarudi kwenye safari hiyo.

Lile la zamani ulilitoa mwenyewe. Nilikuja na spana zangu mbili ukanifukuza, ukasema mikono ya Wanyamwezi mizito, nitavunja klipu zote. Ulipolitoa ukafunika mbele ya gari kwa turubai, ukalifunga na kamba, ukasema umeweka mafuta kwenye bolti zenye kutu na pasifunuliwe mpaka yaingie. Hukuwahi kulifunua. Wiki hiyohiyo Mama Zuhura alikuamsha asubuhi ukakataa kuamka.

Sasa nikupe habari za mkeo. Yuko eda, chumba cha mbele, na dada yake Bi Tatu ndiye anayempikia na kumlinda. Mimi nikija nawekewa kiti nje ya dirisha. Yeye nyuma ya pazia, Bi Tatu mlangoni anachambua mchele, na masikio yamemsimama. Kwa muda mrefu tulikuwa tunaulizana hali tu. Nikisema utani wowote anaitikia "mh" basi. Siku moja akaniambia, "Mtani, lile gari linanitazama. Mmelifunika kama maiti, kila nikisogeza pazia naliona limelala pale. Ama ulivalishe hiyo sura aliyokuwa anaitaka, ama uliondoe."

Nikamwambia nitalivalisha. Nikadhani yameisha. Akaongeza kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, "Mie ndo niliyemuua."

Bi Tatu akaacha kuchambua mchele.

"Nilimsema jioni ile. Nilimwambia, unalinunulia gari sura mpya, mie navaa khanga za msiba wa mama yangu. Nikamwambia na mengine, usiniulize. Akacheka tu, akageukia ukutani. Mwanamume kaondoka na maneno yangu masikioni."

Nikamwambia kifo ni amri ya Mungu. Akajibu, "Amri ya Mungu naijua. Na ulimi wangu naujua."

Nikaaga, nikaondoka.

Jumamosi nikaja kufungua turubai. Nilikuwa nimejipanga vizuri: spana, bisibisi, klipu mpya kwenye mfuko, na bampa lako nimelifuta vumbi. Nikakata kamba, nikavuta turubai, nikaona kile ulichokuwa umekificha.

Nyuma ya bampa la plastiki kuna chuma kinacholala kutoka upande hadi upande, hicho ndicho kinachopokea pigo. Chuma chako kilikuwa kimeingia ndani katikati, kimekunjwa kwa umbo la kitu cha mviringo, karibu kiguse rejeta. Kwenye kunyanzi kulikuwa na unga wa saruji. Mimi ni fundi wa kushona viti vya gari pale Tandika, mambo ya chuma siyajui. Lakini mbuzi namjua, mtani. Nimechunga mbuzi Urambo mpaka nikaota ndevu. Mbuzi ni nyama na mifupa. Mbuzi hakunji chuma, na akigongwa huacha manyoya, haachi saruji.

Nilikaa chini mbele ya gari. Nikamsikia Mama Zuhura anasogeza pazia, nikaudaka upesi upande mmoja wa turubai nikakifunika kile chuma, kama wewe.

Jumatatu nilifunga kibanda changu mapema nikaenda Buza, kwenye ile kona uliyokuwa unaitaja. Nguzo ya umeme ipo, ya zege, na rangi yako ya kijani ipo juu yake, usawa wa magoti. Pembeni kuna mama anakaanga vitumbua. Nikanunua, nikala, nikauliza.

"Yule baba wa gari la kijani?" akasema. "Yule hakukimbiza gari. Gari lilikuja polepole, limenyooka tu, kama halina mtu. Likaigonga nguzo. Nimemkuta kalalia usukani, jasho linamtoka, kajishika kifua. Nikampa maji. Nikamwambia baba, nenda hospitali sasa hivi. Akacheka. Akaniambia, mama, ukiulizwa, sema mbuzi."

Kondo! Kifua kimekubana, umelalia usukani, na bado ukapata nafasi ya kutunga mbuzi!

Nilirudi kwa miguu. Njiani ndipo ile safari ya kutoka kituoni na bampa ilipogeuka kichwani mwangu. Hukuwa unasalimia watu. Ulikuwa unapumzika. Kila nyumba uliyosimama ulikuwa unatafuta pumzi, na mimi mbele yako na bampa kichwani nakutukana mvivu. Na ulicheka! Ulinijibu kila tusi! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hata kifo hakikukuumbua, umeumbuliwa na bampa.

Nina hasira na wewe. Nakwambia wazi, maana sasa huwezi kunijibu. Ningekupeleka hospitali kwa kukubeba mgongoni, na ungenitukana njia nzima, na ungekuwa hai. Ulimwogopa nani? Ulidhani mkeo atalia? Siku zile hata kulia alikuwa halii, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Nikaenda kwa kaka yako Mzee Salumu. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Alisikiliza akizungusha tasbihi, akasema, "Maganga, marehemu hasemwi. Mbuzi abaki mbuzi. Ukimwambia mjane sasa, unamwambia mumewe alimfanya mjinga, mbele ya mtaa mzima. Utampa msiba wa pili kabla hajamaliza wa kwanza." Maneno ya mtu mzima, sikuweza kuyapinga. Nikajiambia basi, nifunge bampa, nifunge na mdomo.

Kwa hiyo nikafunga bampa. Sikiliza mateso yangu ufurahi. Kile chuma nilikitoa, bolti zake zililia kama zinachinjwa, nikakisimamisha ukutani nyuma ya pipa la maji. Nikaliinua bampa jipya, likakaa vizuri juu, chini ya boneti, kila tundu na klipu yake, nikaanza kujisifu. Likagoma pembeni. Vishikizi vya gari lako ni vya meno ya zamani, bampa linataka ya kisasa, havishikani. Kulia nililazimisha likaingia. Kushoto likabaki limejitenga na madigadi, upana wa kidole. Nililimwagia maji ya moto lilegee, nikasukuma kwa goti, nikaegemea kwa mgongo. Nikisukuma kushoto, kulia kunafumuka. Bi Tatu alitoka mlangoni akaniangalia, akasema, "We baba, unalifunga au unapigana nalo?"

Mwishowe nikafanya ninachokijua. Nikapasha moto sindano yangu ya viti, nikatoboa plastiki na ukingo wa ndani wa madigadi, nikalishona. Ndiyo, mtani, nimelishona bampa kwa uzi wa viti vya gari, mshono wa kwenda na kurudi. Fundi wa magari akiliona ataanguka. Limekaza, ila pengo halikwisha lote. Yale matundu ya taa za ukungu, gari lako halina nyaya zake, nikayakatia vipande vya ngozi nyeusi ya viti nikayaziba. Sasa gari kijani, bampa jeupe, macho meusi. Linafanana na mzee aliyeazima meno ya bandia.

Mama Zuhura akasogeza pazia akaliangalia kwa muda. Akasema, "Limependeza. Laiti nisingemsema." Akarudisha pazia.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sijarekebisha chochote.

Kila asubuhi mnunuzi wa chuma chakavu anapita na mkokoteni wake akipiga kengele. Mara mbili nilikichukua kile chuma kutoka nyuma ya pipa nikafika nacho mpaka getini. Kikienda kimeenda, kitayeyushwa kiwe nondo kwenye ghorofa la mtu, na mbuzi wako ataishi milele. Na mkeo atakaa na ulimi wake mpaka kufa. Mara zote mbili nilikirudisha.

Basi jana ikawa arobaini. Hitma ilisomwa uani, lile turubai lako tumelitundika kuwa kivuli cha wanaume, watu wakala pilau. Wanawake ndani. Pazia la chumba cha mbele limefungwa, lakini nilijua yuko pale nyuma yake. Yule bibi aliyenicheka makaburini alikuwepo pia, akaanza mwenyewe. "Mtani wa Kondo, leo machozi umeyaacha nyumbani?" Watu wakacheka kidogo.

Nikainuka. Sikuwa nimepanga, nakuapia. Nikaomba kofia yako, Bi Tatu akanitolea. Nikaivaa kwa upande, nikavaa na fulana yako ya kazi ile ya njano inayong'aa, nikatembea kwa madaha mpaka kwenye gari, nikaingia, nikashusha kioo, nikatoa kiwiko nje kama wewe. Nikakohoa kile kikohozi. Kabla sijasema neno watu walikuwa wameshaanza kujipiga mapaja.

"Wallahi, sikilizeni," nikasema. Na nikamtoa mbuzi. Nikamtoa Vingunguti, nikamvusha reli, nikamwongezea pembe, nikamfikisha Buza. Wanaume wakalia kwa kicheko, hata Mzee Salumu alikuwa anafuta macho. Nilifika pale kwenye kona. Mbuzi ameshaliona gari, amedhani ni majani. Hapo sauti ikanikatika. Mikono ilikuwa kwenye usukani wako, mtani, na usukani umelainika pale ulipokuwa unaushika, na sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Watu wakangoja. Wakadhani ndiyo utani wenyewe.

Kutoka nyuma ya pazia, sauti ikasema, "Na leo alikuwa rangi gani?"

Kina mama jikoni waliacha vyombo. Mtu wa eda hapazi sauti hivyo, nilimsikia Bi Tatu akimwita dada yake kwa jina, "Mwajuma!" kwa mshangao. Nikamtazama Mzee Salumu, akanitikisia kichwa taratibu, hapana. Lakini nilikuwa na kofia yako kichwani. Ndugu wa marehemu hawezi kumsema marehemu, jirani hawezi, shehe hawezi. Mtani anaweza, na hakuna wa kumshitaki. Kama si kwa siku kama ile, utani ni wa nini?

"Hakuwa na rangi, Mama Zuhura," nikasema kwa sauti yako. "Hakukuwa na mbuzi. Kilikuwa kifua. Kilinibana pale Buza nikagonga nguzo. Nikaogopa kukwambia."

Sauti ilianza ikiwa yako, ikaisha ikiwa yangu.

Mama Zuhura akauliza, "Lini?"

"Kabla ya bampa. Kabla ya maneno yako. Bampa nililitafuta usije ukaona."

Nilisikia kitanda kikilia, kama mtu amekaa ghafla. Halafu akasema polepole, akijiambia mwenyewe, "Kumbe si mimi."

Ndipo akalia, Kondo. Kile kilio ambacho hakulia siku ya mazishi, wala ya tatu, kilitoka jana kikajaza uwanja, wanawake wote wakakipokea. Na katikati ya kilio nikamsikia, "Mwongo we! Kondo, mwongo mkubwa we!" na sijui kama alikuwa anacheka au vipi, vilikuwa vimechanganyika. Mimi nililalia usukani. Sikuweza kushuka.

Mzee Salumu aliondoka bila kuniaga. Leo asubuhi nimempigia simu, hakupokea. Huenda ana haki. Huenda nimekuvua nguo mbele ya watu ili nimvishe mkeo, na sina hakika kama ungekubali. Nimefikiri sana nikaona ungekubali, ila ungenitukana kwanza. Mama Zuhura amenituma leo nimtafutie samaki. Bi Tatu anasema tangu siku uliyofariki hajawahi kutaka chakula kwa jina.

Sasa nitoe ahadi zangu nikuache upumzike. Kile chuma nimekipeleka kwa mchomeleaji akinyooshe, nami nitakirudisha nyuma ya bampa kabla gari halijatoka getini, maana litakuwa limembeba mkeo. Eda ikiisha nitakuletea Mama Zuhura makaburini na gari lako, sura mpya, pengo lake kushoto. Ukiliona pengo usiseme kitu, limeshonwa na Mnyamwezi. Na wiki hii nakwenda kupima presha na kifua. Usicheke. Nimegundua jambo moja linalonitisha kuliko kufa kwenyewe. Nikifa leo nani atasimama mbele ya jeneza langu avae kofia yangu? Aliyetakiwa kunitania mimi ni wewe, na wewe umetangulia, mvivu we.

Lala, mtumwa wangu. Ulinitwika pale kituoni ukasema kazi ya babu zangu. Mzigo nimeufikisha.

Mtani wako,
Maganga